Kabati la fimbo za Babu: karakana ya wachonga milango, Mji Mkongwe, Bagamoyo

Karakana ninayoisifia iko nyuma ya Mtaa wa India, ukiteremkia baharini. Haina bango. Ulizia wachonga milango, utaonyeshwa. Kazi yao kubwa ni milango, vitanda na masanduku, lakini sisi tuliwapelekea kazi wasiyoizoea: kabati la kuwekea fimbo za gofu za marehemu Babu, mzaa mama. Wameifanya vizuri mno, nami naandika ili wengine wenye haja kama yetu wajue pa kwenda.

Niseme kwanza Babu alikuwa nani, maana bila hivyo hamtaelewa kwa nini naisifu kazi hii. Gofu aliianza utotoni Dar es Salaam, akiwa kedi pale Gymkhana, akibeba mikoba ya wakubwa na kujifunza kupiga kwa kuwatazama. Alipostaafu akahamia Bagamoyo, nyumbani kwao Bibi. Kila Jumamosi alipanda basi la alfajiri la Makumbusho, mkoba wa fimbo amesimamisha katikati ya magoti, akashuka Lugalo. Uwanja wa pale uko barabara hiyohiyo ya Bagamoyo, una mashimo 18, na yeye aliyamaliza yote kwa miguu mpaka uzeeni kabisa. Makondakta walimjua, hawakumtoza nauli ya mkoba. Wenzake walikuwa mwalimu mstaafu, askari mstaafu na dereva wa malori. Mchezo ukiisha hakukawia huko, kwa sababu jioni ya Jumamosi ilikuwa ya nyumbani. Alikuja na samaki, akatuita wajukuu mmoja mmoja kwa jina, akataka habari za shule, habari za mtoto, habari za kazi. Mimi aliniita "mke wangu" tangu nikiwa mchanga, na nilipoolewa alimwambia mume wangu mbele ya watu kwamba amemwazima tu.

Fimbo zake zilibaki pembeni mwa kitanda. Kila akifagia, Bibi anazisogeza, kisha anazirudisha palepale. Ndipo tukakubaliana zitafutiwe mahali.

Tulianzia kwa karakana moja ya mjini Dar. Wakataka urefu na upana kwa WhatsApp, wakatuma bei ya shokesi ya mbao za kiwandani, basi. Fundi wa Bagamoyo, mzee wa makamo ya mama yangu, alipokea zile fimbo, akazilaza juu ya meza ya kurandia, akaniuliza, "Alikuwa akicheza na nani?" Tukazungumza mpaka adhuhuri kabla hajagusa futi.

Fimbo mbili katika zile zina vichwa vya mbao, za zamani, kabla vichwa vya chuma havijaenea miaka ya 1980. Nikamwambia nilivyosikia kwa Babu, kwamba mbao ile ni ya mti wa Marekani uitwao persimmon, mgumu sana. Fundi akagonga kichwa kimoja kwa ukucha, akakinusa, akakigeuza kwenye mwanga wa mlango. Kisha akanionyesha kitu ambacho sisi sote hatukukiona. Pale shingoni, kichwa kinapoungana na mpini, pana uzi mweusi uliozungushwa kwa kubana, na ule uzi ulikuwa umelegea, ncha imeanza kufumuka. "Huu ukitoka, mwanangu, mbao itapasuka hapa." Akamtuma kijana wake kwa wavuvi, akaleta uzi wa kushonea nyavu. Akaupaka nta, akauzungusha upya, duara kando ya duara, bila nafasi ya kuingiza hata kucha, ncha akaipitisha chini ya uzi wenyewe na kuivuta isionekane. Hakututoza kwa hilo. Nilipouliza bei alisema hiyo ni ya mzee.

Kuhusu kabati lenyewe. Ni la mninga, mbao nzito isiyopindapinda, limesimama kimo cha mtu mzima. Nilitaka matundu 14, kwa kuwa kanuni za gofu zinamruhusu mchezaji kubeba fimbo zisizozidi 14. Fundi akazihesabu za Babu: tisa. Akasema hawezi kuchonga matundu ya fimbo ambazo mwenyewe hakuwa nazo. Nilikubali, na nikitazama sasa naona matundu matupu yangefanya ionekane kama kuna zilizopotea. Bawaba ni za shaba, kwa sababu upepo wa chumvi wa hapa unakula chuma haraka, na nyuma ametoboa njia za hewa ili unyevu usijifungie ndani. Alituagiza fimbo za chuma tuzifute mara kwa mara kwa mafuta ya cherehani.

Uchongaji ndio uliomtoa Bibi machozi. Kuizunguka fremu kuna mnyororo kama wa milango yetu ya zamani, na ndani ya mnyororo kuna mawaridi 18, moja kwa kila shimo la uwanja. Hilo alilibuni fundi mwenyewe baada ya kusikia habari za Lugalo. Akauliza ni shimo gani Babu alilipenda. Nyumbani hakuna aliyejua! Ikabidi niwapigie wale wazee wenzake. Mwalimu na dereva wakabishana, lakini askari akasema bila kusita: la tisa, kwa kuwa wakilimaliza walikaa chini wakanywa maji, na hapo ndipo Babu alipokuwa akiwasimulia habari zetu, nani amefaulu, nani amejifungua, nani anaumwa. Waridi la tisa ni kubwa kuliko mengine. Wazee hao watatu ndio waliochangia sehemu kubwa ya bei, na siku ya arobaini walikaa mbele ya kabati hilo kutwa.

Bibi alikuwa na sharti moja. Kofia ya Babu isifungiwe kwenye kioo, kwa sababu anataka kuishika. Fundi akaweka kigingi cha mpingo ubavuni mwa kabati, nje, kwa kimo cha mkono wake. Alimwita Bibi asimame anyooshe mkono, kisha fundi akapiga alama ya penseli.

Kasoro zipo. Kazi ilichelewa, tukaipata arobaini ikiwa imekaribia sana, na mama aliumia roho kwa wasiwasi. Kioo cha kwanza kilikatwa kifupi, kikaacha mwanya juu, wakabadilisha kwa gharama yao lakini baada ya kusukumwa. Tulilipa Sh 650,000 pamoja na kioo na mkokoteni wa kulileta nyumbani, nusu mbele, nusu kwa kukabidhiwa. Si bei ya kila mtu, ila kwa mninga mtupu na uchongaji wa mkono naiona ya haki.

Nampa nyota 4 kati ya 5. Mkienda, dai risiti ya malipo ya awali, na vipimo vya kioo mvisimamie wenyewe. Nendeni na mtu aliyemjua vizuri marehemu, maana ataulizwa mengi. Asubuhi ndio muda mzuri, Ijumaa hafungui.