Zawadi za Krismasi zenye msaada ndani yake: nilichonunua na nilipopigwa

Kila Desemba mume wangu ananikabidhi orodha ya ukoo wake, kisha anakwenda kuangalia mpira. Orodha ina mama mkwe, mawifi wawili, shemeji, watoto wasiohesabika, na jirani anayetuangalizia nyumba tukisafiri. Mwaka juzi nilijiwekea sharti: hela ya kila zawadi imfikie mtu ambaye kweli itamsogeza. Nikatenga laki mbili na nusu.

Nianze na pale nilipopigwa. Kuna duka hapa Dar, ndani ya jengo lenye viyoyozi, walikuwa wanauza seti za vikombe zimefungwa utepe mwekundu, na kibandiko juu: sehemu ya mapato itakwenda kwa watoto yatima. Nikabeba seti mbili. Nilipofika kwa keshia nikamuuliza, sehemu kiasi gani? Akacheka, akamwita mwenzake. Mwenzake akamwita meneja. Meneja akasema hayo wanayajua makao makuu. Na watoto ni wa kituo kipi? Makao makuu. Nyuma yangu foleni imeshaanza kuguna, basi nikalipa yaishe. Kikombe kimoja kiling'oka mpini kabla ya mwaka mpya, lakini hilo nilishasamehe. Kilichoniuma ni kwamba nililipa zaidi kwa sababu ya neno "sehemu", na sehemu inaweza kuwa shilingi mia.

Kichekesho cha pili kilikuja kwa posta. Kaka yangu anayeishi Uingereza alitutumia kadi ya shirika moja la huko, yenye picha ya mbuzi mwenye ndevu. Ndani imeandikwa kwamba kwa heshima yetu, familia moja ya Afrika Mashariki itapewa mbuzi. Mume wangu akaisoma mara mbili, akaniuliza, "Familia ya Afrika Mashariki si ndiyo sisi? Mbuzi yuko wapi?" Nyuma, kwa herufi za kusomea miwani, wameeleza kuwa mbuzi ni mfano tu, pesa zinaingia kwenye mfuko wa miradi ya kilimo na mifugo. Sina ugomvi na mfuko, na angalau wao wamesema ukweli. Ila ukiniambia mbuzi, mimi nasikia harufu ya supu.

Sasa niingie Iringa, ndiko hasa nilikotaka kufika. Krismasi tulikuwa tunaila ukweni, kwa hiyo zawadi nyingi nilipanga kununulia huko huko, Neema Crafts. Kwa wasiopajua: ni karakana na duka, mradi wa Kanisa Anglikana Dayosisi ya Ruaha, ulioanza mwaka 2003 na vijana wachache viziwi. Wanaofanya kazi pale ni watu wenye ulemavu, na wamegawanyika: kuna wanaofuma vitambaa, kuna wa shanga, kuna wa cherehani, na kuna wa karatasi. Karatasi yenyewe inatengenezwa kwa kinyesi cha tembo. Usikunje uso. Tembo anakula majani na magome kutwa, na tumbo lake linasaga chini ya nusu ya anachomeza, kwa hiyo kinachotoka ni nyuzinyuzi tupu. Kinachemshwa, kinaoshwa, kinachanganywa na karatasi chakavu, kinatandazwa kwenye fremu ya wavu na kuanikwa. Nilinusa daftari zima mbele ya watu, bila aibu. Halinuki chochote.

Kabla ya kununua tukaingia kwenye mgahawa wao. Wahudumu ni viziwi, unachotaka unakiandika kwenye karatasi. Dada aliyetuhudumia aliponiletea kahawa nikajaribu ile alama ya asante niliyoiona ukutani. Sijui nilisema nini, maana aliangua kicheko hadi mabega yakamtikisika. Kisha akanishika kifundo cha mkono, akakigeuza taratibu, akanirudisha mwanzo kama mtoto wa chekechea. Mara ya tatu akanyanyua dole gumba. Mwanangu wa miaka sita alipatia mara ya kwanza, na safari nzima hakuacha kunikumbusha.

Dukani bei imeandikwa, huombi punguzo. Ni juu kuliko sokoni, sitawaficha. Lakini hapa sikuwa na haja ya kumuuliza mtu "sehemu kiasi gani", kwa sababu anayefuma yuko chumba cha pili, unamsikia akifuma, na hiyo ni ajira yake. Nilichukua daftari la karatasi ya tembo la mama mkwe, vitambaa vya meza viwili vya mawifi, na bangili za mabinti. Ushauri mmoja: mwenye daftari mpe na biro kabisa, karatasi ni nene na ina vinyweleo.

Kesho yake nikaenda sokoni kutafuta vikapu vya Iringa, vile vya milulu vinavyofumwa na akina mama wa Kihehe. Bibi mmoja amekaa juu ya kiroba, vikapu vimepangwa miguuni, mkononi anaendelea kufuma cha tatu. Nikamwamkia "Kamwene", akafurahi, akaniuliza mimi ni mkwe wa nani. Baada ya salamu nikaanza kazi niliyofunzwa na mama yangu: "Bibi, punguza basi." Akashusha buku. Nikataka buku lingine. Nimesimama pale namkazania, ndipo nikakumbuka kwamba jana yake tu nimelipa bei iliyoandikwa bila hata kufungua mdomo, eti nasaidia. Huyu bibi hana kibandiko wala kipeperushi, hajaandikwa popote kwamba kumnunulia ni kutoa msaada. Milulu kaikata mwenyewe, kaianika mwenyewe, na amekaa juani siku chache kabla ya sikukuu. Nikampa bei yake ya kwanza. Akanitazama kama mtu mwenye homa, kisha akaniongezea kikapu kidogo cha mwanangu.

Kwa hiyo nikiulizwa nani alipata msaada wa kweli kati ya wote niliowapa hela Desemba ile, bibi wa sokoni namweka sawa na wale wa karakana. Vikombe havimo.

Cha watoto nilikuwa nimeagiza kabla ya safari, kwa mfanyakazi mwenzangu aliyekwenda Nairobi: twiga wa Ocean Sole. Hao wanachonga wanyama kwa ndala zilizookotwa ufukweni na kwenye mito, zikaoshwa na kugandishwa pamoja. Ukimtazama shingo unaona mistari ya ndala ya bluu, ya pinki, ya njano. Ni mwepesi, na ukimweka kwenye beseni anaelea, jambo lililoharibu utaratibu wa kuoga nyumbani kwetu kwa mwezi mzima.

Usafirishaji ndio sehemu ya kujiandaa. Zawadi ya wifi wa Mwanza niliituma kwa basi tarehe 20, nikaambiwa siku mbili. Ilimfikia tarehe 29, baada ya simu kumi na moja na kijana wa ofisi ya mizigo kunijibu kila mara kwamba gari iko njiani. Zawadi zilizotengenezwa kwa mkono huwezi kuzikimbilia dukani dakika za mwisho, kwa hiyo nunua Novemba, tuma mapema.

Tukiwa tunarudi Dar, pale barabara inapokatiza hifadhi ya Mikumi, tembo wanne walikuwa wamesimama karibu kabisa na lami. Mwanangu akabandika uso kwenye kioo cha basi, akapiga kelele: "Mama, madaftari!" Abiria wakageuka. Ikabidi nianze kueleza.

Mama mkwe naye mwanzoni aliliweka daftari lake kabatini, akidhani ni la kutazama tu. Mwezi wa tatu akanipigia. Kumbe ameshalifanya la kikoba: michango upande mmoja, madeni ya mayai upande mwingine. Kila mwanachama mpya kwanza analazimishwa kunusa. "Limebaki kurasa nne," akaniambia. "Ukija, niletee lingine. Na hilo la pili nitalilipa mwenyewe."