Neverball: uzoefu wangu na mpira usiosukumwa

Gemu za mpira unaobingirika nimezicheza nyingi, lakini ninayoirudia kila mara ni Neverball. Ni ya bure, ni programu huria (msimbo wake uko wazi kwa yeyote), iliandikwa na Robert Kooima na ikaanza kusambazwa mwaka 2003. Inafanya kazi kwenye Windows, Linux na macOS. Kompyuta yangu ni ya zamani na haina kadi ya michoro ya maana, na bado gemu inakwenda bila kukwama.

Kwanza lieleweke jambo moja: mpira huusukumi. Unachoendesha ni sakafu. Ukisogeza kipanya mbele, sakafu inainama mbele, mpira unaanza kuteremka na kuzidi kushika kasi. Ukirudisha sakafu ikawa sawa, mpira hausimami, maana kasi unayo tayari. Ni lazima uinamishe upande wa pili ndipo utulie. Wanaoanza wengi hushindwa hapo. Kuupeleka mpira wanajua mara moja, kuusimamisha ndiyo kazi. Kila ninayemkalisha kwenye kompyuta yangu namwambia aanze kupunguza mwendo mapema, kona ikiwa bado iko mbali. Na vitufe vya kipanya asivisahau, kwa sababu ndivyo vinavyozungusha kamera, na usipoiona njia iliyo mbele hutaweza kupima mwinamo wa kutosha.

Gemu imegawanywa katika hatua, na kwenye kila hatua unaokota sarafu kwa kuupitisha mpira juu yake: ya njano ni 1, nyekundu ni 5, ya buluu ni 10. Ukifikisha idadi inayotakiwa, lango la kumalizia hatua linafunguka nawe unaupeleka mpira humo kabla muda haujaisha. Za buluu mara nyingi zimetegwa pabaya, kwa hiyo kila hatua inakulazimisha uamue: uhatarishe mpira uokote kumi kwa mpigo, au uzunguke ukiokota mojamoja huku saa inakwenda?

Ninachokipenda kuliko vyote ni uaminifu wa fizikia yake. Mpira ukianguka, sababu ipo na unaweza kuiona. Gemu inarekodi mchezo wako, unaweza kuuhifadhi na kuutazama upya, na mara nyingi ukiutazama unagundua kwamba mpira ulipotea zamani, kabla hata haujafika ukingoni.

Halafu kuna kuibadilisha, na hapa ndipo iliponiteka kabisa. Kubadilisha sura ya mpira ni jambo dogo, linafanyika kwenye mipangilio. Utamu uko kwenye ramani, yaani muundo wa hatua zenyewe. Kila hatua imetoka kwenye faili la maandishi lenye kiambishi .map, na mafaili hayo yamo kwenye kifurushi cha msimbo wa gemu. Ulifungue kwa programu yoyote ya kuandikia, utaona "time" (muda) na "goal" (idadi ya sarafu inayotakiwa). Muda unahesabiwa kwa sehemu za mia za sekunde, hivyo 6000 ni dakika moja. Nikaandika 3000, nikapandisha na idadi ya sarafu, nikalipitisha faili kwenye programu ndogo ya mapc inayoligeuza kuwa .sol, aina ya faili inayosomwa na gemu, na hatua niliyokuwa naipita kwa starehe ikageuka vita.

Kujenga hatua mpya kunataka subira zaidi. Kihariri, yaani programu ya kuchorea hatua, hakimo ndani ya gemu, na hilo silipendi. Wengi hutumia GtkRadiant, kilichotengenezwa kwa ajili ya gemu za kupigana kwa bunduki za familia ya Quake, kwa hiyo vitu vimeazimwa majukumu: unapoweka taa unapata sarafu, na nguvu ya mwanga wake ndiyo thamani ya sarafu hiyo. Mahali ambapo mchezaji angetokea kwenye pambano la wachezaji wengi, hapo ndipo lango. Ukishalizoea hilo, kazi inakwenda haraka. Anza na jukwaa bapa, sarafu chache na lango. Vinyanyuzi na majukwaa yanayotembea yasubiri.

Pamoja na Neverball unapata pia Neverputt, gofu ndogo ya hadi watu 4 kwa kupokezana kwenye kompyuta moja. Nzuri mkiwa na wageni, ila mimi huicheza kwa nadra.

Anayetaka kujaribu aanze na seti ya hatua inayoitwa Easy (rahisi), aimalize, kisha aende Medium (ya kati). Seti ya Hard (ngumu) ina njia nyembamba zisizo na kingo, na humo mkono usiojua kusimamisha mpira hauendi mbali. Mimi mwenyewe bado naikamilisha polepole, na kila hatua ninayoipita naifungulia faili lake nione imejengwaje.