Fundi wa marumaru za jikoni: umlipe kwa mita au kwa kazi nzima?

Ukuta wa nyuma ya sinki, urefu mita 3 kwa kimo cha sentimita 60, ni mita za mraba 1.8 tu. Kwa bei ya mita, hesabu inakupendelea wewe. Ila fundi mzoefu ataikwepa, maana muda wake unaishia kwenye kukata vipande kuzunguka soketi na bomba. Anayekubali huenda akalipua kazi. Kazi nzima hugharimu zaidi, lakini grauti (uji wa kuziba mianya kati ya marumaru) na kurudia marumaru inayolia utupu ukiigonga vimo ndani, mradi mmeandikiana. Vifaa nunua mwenyewe vyovyote iwavyo, na ziada ya asilimia 10. Unatandika na sakafu ya sebule? Mita inafaa. Ni ukuta huo peke yake? Mimi ningepatana kazi nzima.