Kozi ya kupanga mgodi wa chini ya ardhi, Tanga mjini: nyota 4 kati ya 5

Nimemaliza wiki iliyopita ile kozi ya siku 5 pale Chumbageni, laki tatu na nusu pamoja na chai ya asubuhi. Kuna jamaa wa Handeni na wa kule Umba wananiuliza kama walipe au waache, jamani lipeni.

Mi nasimamia maduara mawili (mashimo ya wachimbaji wadogo) ya dhahabu, urani sijawahi kuishika, kwahiyo siku ya kwanza nilivyosikia mfano wa kozi nzima ni mgodi wa urani na vanadi (chuma cha kuimarishia chuma cha pua) kwenye jiwe la mchanga huko Marekani, mpakani mwa Colorado na Utah, nilitaka kudai hela yangu. Mwalimu, mzee mstaafu wa migodini, akatuambia kauchagua kwa sababu unasumbua kuupanga, alafu urani yetu ya Namtumbo nayo imo kwenye jiwe la mchanga.

Na kweli unasumbua. Mshipa wa dhahabu unaufuata, ila hii mbale (mawe yenye madini) imelala kwenye njia za mito ya enzi ya Jurasi, enzi za dinosaria (enzi moja na mawe ya chokaa ya mapango yetu ya Amboni, nilipenda alivyotuunganishia), imekaa mafungu mafungu, pale ilipokuwa na magogo na majani yaliyooza ndo urani ilinasa, hapa unene unafika kimo cha mtu, ukisogea hatua chache imekwisha. Ndo maana wanachoronga (wanatoboa) mashimo mengi toka juu wanashusha kipimo cha gama, yani cha mionzi, na wakiingia chini nguzo za kushika dari haziendi kwa mistari, unaziacha pale penye mbale duni. Mbale ikiwa nyembamba unalipua mara mbili, taka peke yake na mbale peke yake, la sivyo unapeleka kiwandani mchanga mtupu.

Kitu ambacho sikukijua kabisa: kipimo cha gama hakioni urani yenyewe, kinaona vizalia vyake, yani vile urani inavyogeuka ikioza, na maji yakiwa yamehamisha urani kipimo kinakudanganya, lazima sampuli iende maabara. Vanadi ndo hakiioni kabisa, na kwenye ukanda ule vanadi ni kama mara 5 ya urani, kwahiyo ukipanga kwa gama tu unaweza kuacha hela ukutani.

Siku ya tatu ndo iliyonishika. Tumepewa ramani tuchore njia za chini, kila mtu kachora vizuri, mzee kapita meza kwa meza anauliza swali moja tu, "hewa inaingilia wapi, inatokea wapi?" Wote hatukuwa na jibu, akatuambia tuanze upya. Urani inatoa gesi ya radoni, radoni inazaa vizalia vinavyoganda kwenye mapafu, na vinaongezeka dakika kwa dakika hewa ikituama, yani hewa ikizeeka mgodini inakuwa sumu. Kwahiyo hewa safi ifike moja kwa moja kwa mtu anayechoronga, isipitie kwanza mashimo ya zamani, na yaliyokwisha yazibwe. Akatueleza wachimbaji wa Kinavajo, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani, wa miaka ya 1950 na 1960, walichimba bila hewa ya maana, wengi wakafa kwa saratani ya mapafu, na sheria ya fidia ikapita 1990 ndo hapo wengi wameshazikwa. Ukumbi ulikuwa kimya. Baba yangu mdogo alichimba dhahabu miaka mingi akafa kifua kimebana, vumbi la mawe, na hakuna siku aliyowahi kuulizwa habari ya hewa. Nililia pale kwenye kiti sioni aibu kusema.

Nyota moja nimeikata kwa haya: makabrasha yote ni ya Kingereza wakati nusu yetu tunasoma kwa shida, kipimo cha gama tumekiona kwenye picha tu, na ile programu ya kuchorea mgodi ilipewa nusu siku, kompyuta 3 watu 14, mi sikuigusa. Kwa hela ile hawa wenye kozi warekebishe, hasa makabrasha.

Mkienda bebeni penseli za rangi na rula ndefu, na kaeni mbele maana mzee anaongea taratibu. Mi Jumatatu nimewaambia vijana tunaziba lile duara la zamani kabla hatujashuka futi nyingine.