Miezi mitano na Ozempic: mpishi asiyesikia njaa

Mimi ni mpishi wa shughuli hapa Mtwara. Harusi, maulidi, arobaini, nikiitwa naenda na masufuria yangu. Kazi hii ni ya kuonja, na kuonja huko ndiko kulikonifikisha kilo 104, na sukari juu yake mwaka wa tisa sasa.

Dokta aliyeniandikia Ozempic, sindano ya sukari, ni kijana wa rika la mwanangu wa pili. Aliniamkia kwanza, kisha akachora utumbo nyuma ya karatasi ya vipimo. "Mama, ukila, utumbo wako unatoa homoni inaitwa GLP-1. Ndiyo inayopeleka habari kuwa umeshiba. Shida yake haikai, dakika mbili tu nusu imeshavunjwa. Hii dawa imefananishwa nayo, ila inajishikiza kwenye protini ya damu, hivyo wiki nzima ipo." Basi ndiyo maana unachoma mara moja kwa wiki. Hapohapo akanipunguzia vidonge vyangu vya sukari vya glibenklamidi, kwa sababu vikikutana na sindano sukari inaweza kushuka kupita kiasi. Metformini, kidonge changu kingine cha sukari, akasema niendelee nayo.

Nilianza na miligramu 0.25, wiki nne, ili mwili uzoee. Nilichagua Ijumaa. Kosa! Jumamosi nimesimama mbele ya sufuria la pilau, harufu ya vitunguu inapanda, na mimi nakimbilia nyuma ya turubai kutapika. Wenye harusi wakaanza kunong'ona kuwa mama mpishi ana mimba, na umri wangu huu. Kumbe dawa inachelewesha chakula kutoka tumboni, tena inagusa sehemu ya ubongo inayoleta kichefuchefu. Nikahamishia Jumapili jioni, nikaacha vya mafuta usiku, mambo yakatulia. Choo kigumu ndicho kimebaki. Napambana nacho kwa maji na mapapai.

Lililonishangaza zaidi ni kichwani. Zamani nikimaliza kula, tayari nawaza kitafunwa cha saa kumi. Ming'oko ikipita mlangoni, lazima nimwite muuzaji. Sasa anapita, namsikia, naendelea kuchambua mchele. Sikujilazimisha, ile hamu haipo tu. Nilidhani njaa inakaa tumboni, kumbe homoni hii ina milango yake hadi ubongoni. Kwenye kongosho inahimiza insulini pale sukari inapopanda, na inalizuia ini lisimwage sukari ovyo. Figo nazo zinafaidika: utafiti uliotolewa mwaka 2024 kwa wagonjwa wa kisukari wenye figo mbovu ulionyesha hivyo, na dokta bado ananipima mkojo.

Mjukuu wangu amesoma kuwa dawa ya kwanza ya ukoo huu, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2005, ilitokana na kitu kilichopatikana kwenye mate ya mjusi mwenye sumu wa huko kwao. Tangu hapo ananiita Bibi Kenge. Yangu haitoki kwa mjusi, lakini nani atamwambia akaelewa?

Matokeo: kilo 95, na kile kipimo cha sukari ya miezi mitatu kimeshuka kutoka 9.4 hadi 7.1. Magoti yananishukuru. Ila mikono nayo imepungua nguvu, kuinua sufuria la kilo ishirini si kama zamani. Dokta anasema nyama ya mwili inakwenda pamoja na mafuta, nile samaki na kunde, nisinywe uji tu.

Kero kubwa ni utunzaji. Kabla ya kufunguliwa, kalamu, yaani hiyo sindano yenye dawa ndani, ikae nyuzi 2 hadi 8. Ukishaifungua, wiki nane chini ya nyuzi 30. Nani ana nyumba ya chini ya nyuzi 30 Mtwara mwezi wa kumi na mbili? Duka moja la dawa lilinitolea kalamu kutoka kabatini, ya moto kama chapati. Nikairudisha, na muuzaji akanuna. Bei nayo, kalamu moja inapita gunia la mchele, na nikiacha uzito unarudi.

Chumvi sasa anaonja mpwa wangu, namlipa. Kalamu ya mwezi ujao iko njiani kutoka Dar. Umeme ukikatika nitaomba barafu kwa wauza samaki wa feri, nizungushe kanga katikati, maana kalamu ikiganda ni ya kutupa.