Pikipiki ya masafa: kiwanda kimeweka skrini, stendi tumeachiwa sisi

Habari zenu wadau, karibuni. Leo sina pikipiki mpya ya kuwaonyesha. Niko na hii hii ya kwangu, imeshatembea kilomita 38,000, na chapa yake nimeibandikia karatasi ya gundi, sitaki kugombana na mtu. Tunaongelea vitu ambavyo pikipiki ya safari ndefu ilitakiwa itoke navyo kiwandani.

Nianzie Ruaha Mbuyuni. Mwaka jana naelekea Iringa, Mikumi nimeshaiacha, mlima wa Kitonga bado, mara nikaona mkia unacheza. Pancha, gurudumu la nyuma. Nikasimama kwa wauza vitunguu. Sasa sogeza kamera hapa chini. Mnaona stendi ngapi? Moja tu, ya pembeni. Mashine ina kilo 200 na ushee, ina mizigo, na gurudumu lazima litoke kwa sababu tairi ni ya tyubu. Tukaomba kreti mbili za soda, vijana wanne wakainyanyua, mimi nikazisukumiza chini ya kinga ya injini. Dogo mmoja ameshika ndoo ya vitunguu ananitazama, akasema, "Kaka, pikipiki yote hii haina dabo stendi? Mbona Boxer ya mjomba inayo?"

Nilikosa jibu. Boxer ya bodaboda inatoka na hiyo dabo, yaani stendi ya kati inayonyanyua gurudumu la nyuma, inatoka na keria. Mimi nimelipa pesa ya maana, halafu stendi naambiwa ni nyongeza, agiza nje. Maboksi ya pembeni nayo nyongeza, na bei yake unapata boda ya mkononi na chenji inabaki. Na stendi ya kati si ya pancha tu. Hii yangu inatumia cheni. Kuipaka mafuta bila stendi, unapaka kipande, unasukuma pikipiki hatua moja, unapaka tena. Jioni umechoka, uko gesti, unafanya mazoezi ya kusukuma chuma uani.

Tairi sasa. Rimu ya spoku ya kawaida imetobolewa katikati, kila spoku na tundu lake, upepo unapenya humo. Ndiyo maana ndani kuna tyubu. Lakini zipo rimu ambazo spoku zinashikwa pembezoni, nje ya sehemu inayobeba upepo, kwa hiyo unafunga tyublesi, tairi isiyo na tyubu. Ukichomwa na msumari, unasokomeza kamba ya pancha kwa nje, unajaza na pampu ndogo, unaondoka. Teknolojia ipo muda mrefu. Honda Africa Twin Adventure Sports ilizipata mwaka 2020. Royal Enfield Himalayan 450 ilizinduliwa mwaka 2023 ikiwa na tyubu, rimu za tyublesi zikafuata baadaye. Kwa nini zisianze nazo? Hapo ndipo ninapowashangaa watengenezaji.

Wakitaka kusikia, wanasikia. Honda Gold Wing ya mwaka 2018 ilipunguzwa mwili, tenki likashuka kutoka lita 25 hadi 21, na boksi la nyuma likawa dogo, helmeti mbili kubwa zinagombania nafasi. Wenye nazo wakalalamika. Mwaka 2021 boksi likapanda kutoka lita 50 hadi 61, na egemeo la abiria likalazwa zaidi nyuma. Mama watoto akikaa vizuri, safari inafika.

Mafuta nipite haraka. Barabara kuu vituo vipo. Tatizo ni njia kama ya Itigi kwenda Chunya kupitia Rungwa, huko tenki dogo unabeba dumu, na dumu kwenye pikipiki sikushauri.

Kuna watu watacheka hili: vishikio vya usukani vinavyopasha mikono joto. "Tanzania hii?" Haya, nenda Njombe mwezi wa Juni, saa 12 asubuhi, uniambie kama vidole vyako unavihisi kwenye breki.

Na kidhibiti mwendo, yaani cruise control: unachagua mwendo, pikipiki inaushikilia yenyewe. Wenzetu wanakitaka kwa ajili ya barabara zao pana. Mimi nakitaka kwa ajili ya tochi ya trafiki, ile ya kupimia mwendo. Kila kijiji kibao cha 50, na mkono ukichoka mwendo unapanda wenyewe, 54, 58, mbele kuna trafiki chini ya mwembe. Ukiifunga kwenye 50 unapita unasalimia. Ila weka mkono tayari kwa tuta, halina kibao saa nyingine. Ile ya rada, kama inayopatikana kwenye BMW R 1300 GS, inayopunguza mwendo yenyewe ukikaribia gari la mbele, sina shida nayo, lakini nyuma ya lori linalopanda Kitonga utakaa hapo hadi kesho. Hiyo pesa nipeni rimu.

Skrini kubwa ya rangi kiwanda kimeweka. Jua la saa 7 mchana likiipiga, naona sura yangu.

Sasa njoo huku nyuma, nimalizie. Hii hapa chini ni stendi ya kati. Nimechomelewa na fundi wa Gerezani, Dar es Salaam, vipimo tulichukua kwa kamba. Kwenye kona kali inakwaruza lami kidogo, sikatai. Shika kamera vizuri... nakanyaga hapa, navuta keria... moja, mbili... haya. Gurudumu liko hewani. Zungusha uone.