Mkanda wa laki mbili na sabini na usingizi wa saa nane usiku

Mimi ni mhasibu wa duka la jumla Kariakoo. Tarehe 20 ikikaribia, siku ya mwisho ya ritani za VAT, usingizi unanikimbia. Nalala saa nne, saa nane niko macho, nahesabu risiti za watu gizani.

Ndipo nikanunua mkanda wa bayofidibaki, yaani wa kukuonyesha mwili wako unavyofanya kazi ili ujifunze kuutuliza, laki mbili na sabini. Unaufunga kifuani, unasoma mapigo ya moyo na kuyatuma kwenye simu. Moyo uliotulia haudundi kama saa ya ukutani: ukivuta pumzi unaongeza mwendo, ukitoa unapunguza. Kwenye simu unaona mawimbi. Kazi yako ni kupumua taratibu, kama mara sita kwa dakika, mpaka mawimbi yawe mapana na laini.

Wiki ya kwanza nilitaka kuurudisha. Mawimbi yangu yalikuwa meno ya msumeno! Kumbe sehemu ile inayogusa ngozi lazima uilowanishe maji kwanza, na hilo wameliandika nyuma kabisa ya kikaratasi, kwa herufi za kuumiza macho. Nikalowanisha. Meno yakapungua, hayakuisha. Nikaanza kuvuta pumzi kubwa kubwa kama napuliza puto, kizunguzungu kikanipata hadi nikashika kitanda. Mke wangu akaniangalia: "Baba Neema, unapumzika au unafanya mtihani?"

Mtihani ndio, maana programu inatoa maksi, na mimi nikiona maksi nazitafuta. Kadiri nilivyozikazania ndivyo mstari ulivyoharibika. Nikaigeuza simu kifudifudi, nikabaki na mlio wake tu: kuvuta kwa hesabu ya nne, kutoa kwa sita, pumzi ndogo ya kawaida. Dakika kumi na tano kabla ya kulala.

Wiki ya tatu ndiyo nikaona tofauti. Saa nane bado nashtuka, ila nusu saa haipiti nimerudi usingizini. Zamani nilikuwa nasubiri adhana. Kazini sijabadilika sana, bosi akifoka bado nafoka moyoni.

Kinachonikera: kuona rekodi za nyuma unalipia kila mwezi, tena kwa dola. Silipi. Na kama mapigo yako hayana mpangilio, muone daktari kwanza, mawimbi hayo yatakudanganya.

Siku hizi mkanda anauvaa zaidi mama Neema. Maksi zake zinanizidi, na ananitajia kila asubuhi.